Niliandika Sifuri, Nyigu wa Papa Kambale Wakaisha

Kosa ni langu. Nalisema mapema, kabla sijapata nafasi ya kujipendelea, maana najijua. Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia habari za shamba la Papa Kambale kana kwamba lilipatwa na bahati mbaya tu, na watu wananipa pole. Pole ya nini? Bahati mbaya yenyewe ndiyo mimi!

Jina langu sitaji. Walionijua wakati ule watanitambua, wanisamehe au wasinisamehe, shauri yao.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa kijana mwenye cheti cha sekondari na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nilipata kazi kwenye kituo kidogo cha kuchunguza wadudu, karibu na mashamba ya Mubuku, magharibi mwa Uganda. Mkubwa wangu alikuwa daktari wa wadudu, Muganda mpole aliyesoma ng'ambo. Sisi tulimwita Daktari tu. Wenzangu niliosoma nao walikuwa makarani wa reli pale Kasese, mashati meupe, kalamu mfukoni. Mimi nikapewa mashine ya kuhesabia ya chuma, ile ya kuzungusha mpini kwa mkono. Kutwa nzima nazungusha! Wakulima wakipita dirishani wananiuliza kama nimeshamaliza kusaga.

Wakati huo kahawa ya Bwera ilikuwa imevamiwa na wadudu weupe, utadhani wamenyunyiziwa unga. Wanafyonza matawi mpaka majani yanashika masizi na matunda yanapukutika. Afisa wa kilimo akaamuru mashamba yote yapigwe dawa. Mtu mmoja tu akakataa, naye ni Papa Kambale.

Papa Kambale alikuwa mzee wa Kikatoliki aliyevuka mpaka kutoka upande wa Butembo, Kongo, kukimbia vurugu. Akapata kipande cha kilima Bwera, akapanda kahawa, akatulia. Hakukataa dawa kwa ubishi. Alikuwa ameona kitu.

Siku ya kwanza tulipofika kwake alitutolea chupa ya kwinini, mdomo umefungwa kipande cha kitenge cha mkewe. Ndani mlikuwa na kijiti cha mti wa kahawa.

"Angalia muzuri," akaniambia. "Ule mweupe iko nakufa. Lakini mu tumbo yake munatoka kangine. Kadogo, keusi. Kanaruka!"

Walikuwa nyigu. Nyigu mdogo kuliko punje ya ulezi, wala haumi mtu. Anataga yai ndani ya mdudu mweupe, buu likitoka linamla mwenyeji wake kwa ndani mpaka anabaki ganda. Daktari alipomweka kwenye hadubini alisahau chai yake ikapoa. Alisema nyigu huyo hajaandikwa katika kitabu chochote.

Sasa kumwandika nyigu mpya si suala la kumwona ukashangilia. Kila mmoja abandikwe kwa gundi kwenye ncha ya kikaratasi, achorwe mabawa, ahesabiwe pingili za vipembe vya kichwani. Na lazima uwe na majike na madume, kwa sababu nyigu huyu alikuwa na ndugu yake anayefanana naye kupita kiasi, na ni madume tu ndio wanaowatofautisha. Sisi tulikuwa na majike wanne. Dume hata mmoja hatukuwa naye!

Daktari alimwambia mzee kwamba madume wakipatikana, nyigu atapewa jina la Kambale, ndivyo desturi yao wataalamu.

Papa Kambale alicheka mpaka akashika mbavu. "Jina yangu kwa mududu? Kambale beko wengi, munganga. Watajuaje ni ya miye?" Lakini siku hiyo alitusindikiza mpaka barabarani, na njiani kila aliyekutana naye alimwambia.

Afisa wa kilimo hakucheka. Alikuja kituoni akasimama mlangoni bila kuvua kofia. "Nyinyi mnachora wadudu, kahawa inakufa! Nionyesheni kwa namba kwamba hao nyigu watabaki na watafanya kazi. Msiponionyesha, shamba la yule mzee linapigwa dawa kama mengine."

Daktari akakaa siku nne akiandika milinganyo yake. Mimi nilikuwa nazungusha mpini, lakini wazo nililielewa vizuri, kwa hiyo sina pa kujificha. Unaanza na idadi ya leo, wadudu weupe wangapi, nyigu wangapi. Milinganyo inakwambia wangapi watazaliwa na wangapi watakufa, unapata idadi ya kesho. Ya kesho inakupa ya kesho kutwa. Unakwenda hivyo hatua kwa hatua mpaka msimu uishe.

"Hatua ni ya siku moja," Daktari akaniambia. "Usizidishe. Kila ukifika siku ya kumi, rudia kipande hicho kwa hatua za nusu siku, ulinganishe. Majibu yakikaribiana, endelea. Yakipishana, simama uniite."

Wiki tatu za kuzungusha mpini! Na Jumamosi ya wiki ya kwanza timu yetu ilikuwa na mechi Kasese, kwenye uwanja ulio karibu na mto Nyamwamba, na golikipa ni mimi. Wale makarani wa reli wote wangekuwepo. Nikamwomba Daktari ruhusa, akasema nikimaliza hesabu naweza kwenda hata wiki nzima. Maskini, alikuwa anatania.

Mimi nikakaa na shetani wangu. Nikajiuliza, kwani siku kumi si siku kumi tu? Badala ya hatua kumi za siku moja, nipige hatua moja ya siku kumi! Wiki tatu zikawa siku mbili. Nilijiona mjanja, nikawaona wote waliosoma ng'ambo wanapoteza muda.

Msimu ulipofika katikati, mashine ikanipa nyigu hasi. Ndiyo, nyigu pungufu ya hakuna! Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Angejiuliza ni nyigu gani anaweza kuwa chini ya sifuri. Mimi nilikasirika. Nikatazama saa, nikafuta ile namba hasi, nikaandika sifuri.

Na sifuri haizai. Kuanzia mstari ule mpaka mwisho wa msimu nyigu ni sifuri, sifuri, sifuri, na wadudu weupe wanapanda kama maji ya mafuriko. Kazi ikawa rahisi mno!

Ikabaki ile safu ya kulinganisha. Hapo sina cha kusingizia, si haraka tena, ni uongo. Nilijaza namba za kubuni, zikikaribiana vizuri, hapa nimeongeza moja, pale nimepunguza mbili, zionekane za kweli. Chini nikaandika "Imehakikiwa", nikatia sahihi.

Mechi tulifungwa manne. Manne! Hata hilo sikulipata.

Daktari alisoma karatasi zangu akiwa amesimama, kisha akakaa. Akapitisha kidole kwenye safu ya kulinganisha, akaona kila kitu kinakubaliana. Hakuniuliza neno. Aliniamini, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nakuna sikio. Alizipeleka namba kwa afisa mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtu mkweli.

"Naona sifuri hapa," afisa akasema. "Sifuri ni sifuri. Kesho kutwa tunapiga dawa."

Daktari aliomba wiki moja tu akusanye matawi, atafute madume. Akapewa asubuhi moja. Tukarudi na chupa tatu, na nyigu waliotoka humo walikuwa wawili, wote majike.

Siku ya dawa Daktari hakuweza kwenda. Alinituma mimi, ati mzee amenizoea. Nilifika na wanaume sita wenye pampu mgongoni. Papa Kambale alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua wake, amevaa koti la kanisani, panga mkononi. Wale wenye pampu wakasita.

Hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Weye ndiye wa hesabu," akasema. "Niambie ukweli. Badudu bangu banakufa?"

Wasomaji, palikuwa na nafasi hapo! Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nipe siku chache nirudie. Mdomo wangu ukasema, "Hesabu zinaonyesha wataisha, Papa. Wote."

"Bon, ni sawa. Macho yangu inazeeka. Kama hesabu inasema, miye ni nani?" Akaliweka panga chini, akasogea. Wanaume wakapita.

Dawa iliua nyigu wote. Wadudu weupe wengi walibaki hai chini ya ule unga wao, na sasa hapakuwa na wa kuwala. Msimu uliofuata kahawa ya mzee ilikauka mti kwa mti. Aling'oa yote, akapanda mihogo. Daktari alirudi mara nyingi na wavu wake, akazunguka mashamba ya jirani mpaka viatu vikaisha soli. Hakumpata dume wala jike. Michoro yake ya mabawa ikabaki kwenye droo, kazi isiyokamilika. Nyigu yule hakupata jina lolote.

Jirani walianza kumwita mzee "Baba Nyigu", kwa kejeli.

Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa hesabu hapa Kasese. Chekeni! Miaka ya sabini ikaingia, mambo ya nchi yakaharibika, Daktari akaondoka, na mpaka leo sijui alipo. Kabla ya kuondoka alinigawia vitabu vyake na karatasi zake. Juu ya ile milinganyo alikuwa ameandika kwa penseli: "Inaonekana nilikosea mahali." Alikosea wapi? Hakukosea popote! Aliikana kazi yake njema kwa ajili ya uvivu wangu, nami nikaenda kumbebea masanduku hadi stesheni bila kufungua mdomo.

Likizo moja nikajifungia ndani na karatasi zile. Nikapiga hesabu upya, hatua ya siku moja, kwa kalamu, bila mashine. Ilinichukua likizo yote. Na kosa langu lilikuwa la kitoto, jamani! Katika milinganyo ile, kila siku katika nyigu kumi wanakufa wawili. Siku inayofuata unahesabu kwa waliobaki. Mimi niliruka siku kumi kwa mkupuo, nikazidisha wawili mara kumi. Nikaua nyigu ishirini katika kumi!

Kwa hatua ya siku moja nyigu wanapungua, wanapungua sana, unaanza kuogopa. Halafu wanageuka, wanapanda, na wadudu weupe wanashuka. Kabla ya mavuno shamba limepona. Milinganyo ilikuwa inamwunga mkono mzee tangu mwanzo.

Nililia. Kisha nikapanda basi la Bwera.

Papa Kambale alikuwa bado hai, amekonda, anamenya mihogo uani. Nilimweleza yote, mechi, sifuri, safu ya uongo, sahihi. Nilimwambia macho yake hayakuwa yamezeeka. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

Alimaliza kumenya muhogo aliokuwa nao.

"Ungefanya muzuri, ungemaliza siku ngapi?"

"Wiki tatu, Papa."

"Wiki tatu." Akageuza uso kuelekea kilimani, pale miti ilipokuwa. "Mutoto yangu, ule chef ya kilimo nilimufukuza mu ile mulango miezi mbili. Peke yangu. Wiki tatu ingenishinda?"

Akanikatia kipande cha muhogo, akanipa, nikala kwa sababu sikuthubutu kukataa. Hakusema amenisamehe na mimi sikuuliza.

Basi nyinyi mnaoshika kalamu za watu, makarani, walimu, wapimaji, nawaonya kama ndugu. Msinijie na methali za haraka haina baraka, nilizijua zote na hazikunizuia. Nawaambia jambo dogo tu. Hesabu ikikupa jibu lisilowezekana, usilisafishe ili ulale. Simama, umwite mkubwa wako, uaibike siku moja.

Mimi niliikwepa aibu ya siku moja. Sasa kila nipitapo Bwera najikuta nachungulia miti ya kahawa ya watu, nageuza majani, natafuta kidudu cheusi kidogo kuliko ulezi. Bado sijakiona.