Warusi wa Uwanja wa Ndege

Miaka ile ya soko huria, ndege kubwa za mizigo zilitua Mwanza kuchukua minofu ya sangara, na marubani wake sisi sote tuliwaita Warusi. Mmoja wao akipita mtaa wa Mabatini kununua betri, watoto walimfuata wakiimba jina hilo, na wakubwa hatukuwakanya.

Mimi nilikuwa nasoma mambo yao. Mwalimu wangu alikuwa Mjita mwembamba aliyesomea siasa na historia Moscow miaka sita. Alirudi, na nchi iliyomsomesha ikavunjika. Mjini walimtania kwamba ana shahada ya nchi isiyokuwepo. Alicheka nao, kisha jioni akatufundisha vijana wanne bure sebuleni kwake Pasiansi: lugha, wafalme, mapinduzi, hata supu ya kabichi. Alisema siasa za watu huwezi kuzielewa kama hujui wanakula nini na wanazikana vipi. Nilimpenda mwalimu yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Ikatokea nafasi moja ya kwenda kusoma kule, na ilihitaji barua yake ya kumpendekeza mmoja wetu. Akatupa mtihani: kila mmoja amtafute mtu wa kule, azungumze naye, aandike. Niliitaka barua ile hadi chakula kikanishinda.

Nilimpata rubani mmoja akinywa chai karibu na kivuko cha kwenda Kamanga. Nikamsalimia kwa Kirusi, akafurahi, akanivutia kiti. Nikamuuliza ninyi Warusi mnaionaje Mwanza. Akaweka kikombe chini. Akasema kwa upole kwamba yeye si Mrusi, kwao ni Ukraine, na bibi yake alizika watoto wawili waliokufa kwa njaa wakati nafaka yao ikibebwa kwa amri ya Moscow. Kisha akaaga.

Nilibaki pale na aibu yangu. Mimi ni Mkerewe. Tangu nishuke melini kutoka kisiwani kwetu kuja kusoma, mji mzima unaniita Msukuma, na kila mara nakasirika. Kweli mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wenzangu walileta kurasa nyingi. Mimi nilileta moja, na humo nilikiri kosa langu lote, Ukerewe na hasira zangu zikiwemo. Nilijua barua imeniponyoka.

Mwalimu aliisoma mara mbili mbele yetu, akavua miwani. Akasimulia kwamba kule alikaa chumba kimoja na kijana mmoja miaka yote sita, wakila sahani moja.

"Nilimwita Mrusi mpaka siku naondoka," alisema. "Sikumuuliza kwao wapi."

Akavuta karatasi ya barua. Kabla ya kuandika jina langu aliniuliza kwetu Ukerewe ni kijiji gani. Miaka miwili yote aliyonifundisha alikuwa akinisalimia kwa Kisukuma, nami nikiitikia bila kumsahihisha.