Koo la Swaka na Jina la Dumo

Saa moja asubuhi, Paska Igga anaegemeza baiskeli ukutani kwa Swaka, fundi viatu wa Lobule, wilayani Koboko. Anapewa kiti, hakai. Mchana ndugu za Swaka wamepanga kumfukuza kijijini jirani yao Dumo, wanayedai alimtilia Swaka sumu kwenye pombe ya matanga.

"Kwanza ilikwama nyama," Swaka anasema akishika koo. "Sasa hata uji."

"Ilianza mbele ya matanga ama nyuma?"

Mkewe, Natalina, ndiye anayejibu. "Mbele. Wakati ya kupanda mahindi ilikuwa tayari."

Paska, 41, ni mhudumu wa afya wa kijiji, asiye na mshahara. Hupita nyumba kwa nyumba akiulizia dalili za saratani, ili ijulikane imeenea kiasi gani. Mwaka jana alikuta wagonjwa tisa: wa saratani ya koo, wake kwa waume, wengi wao wamevuka hamsini; na wa mlango wa kizazi, wanawake ambao bado wananyonyesha. Saba kati ya nyumba zao zilimjibu neno moja: sumu.

"Mutu akisema sumu, anatafuta adui," anasema. "Daktari anamusahau. Akikufa, kwa hesabu ya saratani hayuko."

Jale, kaka wa Swaka, anamkejeli. "Dada, umekuwa daktari? Koti yako nyeupe iko wapi?"

"Iko kwa fundi, bwana. Daktari iko hospitali ya Arua. Mupeleke leo."

"Na nani?"

Paska anageukia barabarani. Dumo, ambaye yeye Paska alimwita tangu jana, anashuka kwenye pikipiki na chupa ya uji. Huku, mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha hakina sumu. Dumo anamimina, anakunywa nusu kikombe, anampa Swaka.

Swaka anameza kidogo. Uji unarudi na kikohozi.

"Uji yangu nilimupa asubuhi ilirudi vilevile," Natalina anasema taratibu.

Jale anamshika kaka yake mkono, anampandisha kwenye pikipiki nyuma ya Dumo, waende Arua, kisha Natalina anapanda kumkinga asianguke.

Paska anawatazama mpaka vumbi linatulia. Hajui kama wamechelewa, na hilo halimpi raha.

"Naomba daktari amuone wakati maji bado inapita," anasema, akipanda baiskeli kuelekea nyumba za Kuluba. "Na huko mbele nitauliza habari ya koo mapema, kabla hawajataja jina ya mutu."