Nilisafiri Uganda kibali cha mke wangu kikiwa hakijatoka: yaliyotukuta Kolandoto

Wakuu, salaam kwenu. Mwenye haki ya kupewa shikamoo na mimi ajitokeze nimpe, ila kwa umri niliofikia sidhani kama humu yumo. Basi marahaba wote.

Jana nimesoma uzi wa kijana mmoja. Mke wake ni Mzambia, ameomba kibali cha kuishi hapa nchini, hajajibiwa. Sasa kijana kapata safari ya kikazi China, akauliza asafiri au asisafiri.

Mkamshukia. "Usithubutu." "Faili litafungwa." "Ukirudi utakuta mke keshafukuzwa."

Nikacheka peke yangu hapa Ngokolo mjini Shinyanga, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nikiwa kijana wa mgodini. Nikasafiri. Na ningesafiri tena.

Ninayoyaandika nimeyaishi. Atakayesema hii ni chai, aje nyumbani anywe ya kweli, na mama mwenyewe yupo, amuulize.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Kwetu ni Kolandoto, Msukuma wa kuchunga na kulima pamba, lakini vijana wengi wa wakati wangu tulifuata dhahabu Geita. Nilipangiwa kwenye winchi, ile mashine inayoshusha watu shimoni na kupandisha mawe kwa kamba ya chuma. Sikuwa dereva wake. Nilikuwa napaka grisi, nafuta vumbi, na kumwangalia dereva anavyofanya.

Fundi wa mbao pale mgodini, aliyekuwa akitengeneza magogo ya kuzuia mwamba usiporomoke, alikuwa mzee wa Uvira, Kongo ya Wabelgiji. Alikuwa na binti anaitwa Feza.

Sitawachosha na habari za mapenzi. Nilimpenda, akanipenda. Baba yake akanikagua kama anavyokagua gogo kama lina mchwa, akaridhika. Baba yangu akatoa ng'ombe.

Yule mzee wa Uvira, pamoja na ufundi wake, alikuwa mtu wa ziwani, amekulia kwenye samaki. Alipowaona ng'ombe akaniuliza taratibu, "Sasa baba, hawa wanakula nini?" Akawauza, akarudi kwao Uvira na mke wake. Feza akabaki na mimi. Tukapata mtoto wa kike, Minza. Tangu hapo yeye akawa Mama Minza, mimi Baba Minza.

Sasa ndipo serikali ya Mwingereza ikaanza kuwafuatilia watu waliotoka upande wa Wabelgiji. Kila mmoja aombe kibali, asiye nacho anarudishwa kwao. Tukaomba. Tukaambiwa tusubiri, atakuja ofisa kuhakikisha kama ndoa ni ya kweli. Maana walikuwepo waliokuwa wanajiita mke na mume huku hata hawajuani. Msidhani ndoa za viza zimeanza na nyie.

Tukasubiri. Kimya.

Katikati ya kusubiri, mgodi ukanichagua kwenda Uganda, kwenye mgodi mmoja wa shaba, nikajifunze winchi kubwa. Nikirudi nimefaulu, nakaa kwenye kiti cha dereva. Nikikataa, anakwenda mwingine.

Kambini wote wakawa mabwana sheria. "Shija, ukivuka ziwa, mkeo utamkuta Uvira." Mwingine akaniambia ofisa asipomkuta mume anahesabu hakuna mume. Mimi nikawajibu hivi: ofisa anataka kujua kama huyu mwanamke ana mtu wa kumtunza. Mtu wa kumtunza ndiyo huyo anakwenda kujifunza kazi.

Nikampeleka Feza na mtoto kwa wazazi wangu Kolandoto. Nikapita boma la Shinyanga, kwenye ofisi za serikali, kueleza kwamba atakayekuja kuuliza, amuulizie huko. Niliona nimeziba kila tundu. Nani angetilia shaka ndoa ya mwanamke aliyekaa kwa wakwe zake?

Nikapanda lori hadi Mwanza, Mwanza nikapanda meli hadi Uganda. Matoke nilikula kwa heshima tu, sikuyaelewa.

Vijana wa siku hizi, hapa msome polepole, maana bila kuelewa hili hamtaelewa kilichotokea.

Kwetu enzi zile, mke wa mtoto wako halitaji jina lako. Katu. Hakai nawe mkeka mmoja, hakuangalii usoni, na jina lako halitoki mdomoni mwake, hata ukiwa mbali, hata ukishakufa. Na majina ya baba yako na babu yako ni hivyo hivyo. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe, na mwanamke aliyeivunja alisemwa hadi kisimani.

Feza hakuzaliwa Usukumani. Ndiyo maana aliishika sana, kuliko hata dada zangu walioolewa huko kwingine. Hakutaka mtu aseme "ndivyo walivyo watu wa Kongo."

Basi, ofisa akaja. Mzungu kijana, na dereva wake. Haya nilisimuliwa na dada yangu Holo aliyekuwepo pale uani.

Baba amekaa kwenye kigoda chake. Feza amekaa chini pembeni, kichwa ameinamisha, mtoto mapajani. Ofisa akasimama katikati, ana karatasi zake zenye majina yetu yote. Anajua majibu, anataka kuona kama na Feza anayajua.

"Mume yako naitwa nani?"

"Baba Minza."

"Hapana. Jina."

Akasema polepole, "Shija."

"Shija nani? Baba yake naitwa nani?"

Kimya.

Holo anasema ofisa aliuliza mara ya pili, kisha ya tatu kwa sauti kubwa. Feza akazidi kuinama. Baba akataka kueleza, akaambiwa anyamaze, anayeulizwa ni mwanamke. Holo naye akafungua mdomo, akaambiwa ndugu wasimfundishe majibu.

Mtu aliye mbele yako hatua mbili, na jina unaloulizwa ni lake. Feza akaanza kutokwa na machozi, na Mzungu akaona yale machozi ni ya mtu aliyekamatwa kwenye uongo.

Akaandika kwamba mwanamke hajui hata jina la ukoo wa mume wake. Akamwambia Jumatatu ya wiki ya pili afike boma na mzigo wake, atapelekwa Kigoma, na kutoka Kigoma avushwe arudi kwao. Mtoto, akasema, hilo litaamuliwa hapo hapo boma.

Holo akanipigia simu ya maandishi, yaani telegramu, kutoka posta. Wakuu, nimefanya kazi juu ya shimo lenye kina cha kutisha na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku ile. Nililia mbele ya Waganda na sikuona aibu. Msimamizi wangu akanipa ruhusa, akaniambia kiti changu cha mafunzo kitanisubiri. Nikarudi na meli ya kwanza.

Nilipofika Kolandoto nilidhani jambo ni dogo. Nikamwambia Feza, "Jumatatu litaje tu, yaishe."

Akaniangalia kama mtu asiyenijua.

"Nilitaje mbele yake, halafu nirudi kula chakula cha nyumba gani? Baba Minza, afadhali nirudi Uvira nikiwa mke wa watu kuliko nibaki hapa nikiwa nimekosa adabu kwa baba yako."

Nikamwambia na Minza je? Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Mama yangu alikuwa anasikia. Sijui alimwambia nini baba. Ninachojua ni kwamba Jumapili jioni nilimwona mzee zizini, anawapitia ng'ombe mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kitu. Akamfunga kamba mtamba mmoja mweusi mwenye doa jeupe pajani, yule aliyekuwa anamtegemea kwa uzao.

Kuna namna ya kuufungua ule mwiko, ila anayeweza kuufungua ni mkwe mwenyewe, kwa hiari yake, kwa zawadi, na mbele ya mashahidi. Ni jambo lililofanyika mara chache sana. Katika ukoo wetu sikuwahi kuliona.

Jumatatu asubuhi tukaenda Shinyanga. Feza na mama mbele, mimi na mtoto katikati, baba nyuma kabisa na mtamba wake. Watu njiani wakadhani tunakwenda mnadani.

Boma, Feza akaitwa ndani. Nikaruhusiwa kusimama mlangoni kwa sharti nisiseme neno. Baba hakuweza kuingia chumba kimoja na mkwe wake, akaenda kusimama nje ya dirisha, yeye na ng'ombe.

Ofisa akamwona.

"Mzee, hiyo ng'ombe ya nini? Hapa hatupokei ng'ombe."

"Mwangaluka, bwana," baba akamsalimia kwanza, maana hakuwa mtu wa kurukia maneno. "Huyu si wako. Wewe umemuuliza mkwe wangu jina langu. Muulize karani wako, atalitaja. Muulize mwanangu Holo, atalitaja. Hao sikuwatolea ng'ombe. Huyu hapa ndiye hawezi, kwa sababu ni mke wa nyumba yangu."

Ofisa akasema hata asiyejua naye angenyamaza vile vile. Na wakuu, tuseme ukweli, alikuwa na hoja.

Baba akasema, "Ndiyo maana nimekuja na ng'ombe."

Akapitisha ncha ya kamba dirishani. Karani, Msukuma mwenzetu, alikuwa ameshaelewa, akaipokea kwa mikono miwili na kumpa Feza. Baba akageuka, akaupa mgongo ule ukuta, asimwone uso wala yeye asionwe. Akasema kwa Kisukuma kwamba mbele ya watu hawa amemfungua mdomo, na hakuna atakayemdai adabu.

Mimi pale mlangoni nasema moyoni, leo naachwa na mke kwa sababu ni mke mwema mno.

Feza akaishika ile kamba, akaangalia sakafu, akaanza.

"Mume wangu ni Shija. Shija wa Mabula. Mabula wa Ngassa. Ngassa wa Lushinge. Lushinge wa Kidoto."

Na hakuishia hapo. Akaendelea, jina baada ya jina, sauti inapanda, hadi ofisa akaacha kufuatisha karatasini kwake kwa sababu kwake majina yalikuwa yameisha zamani. Akanigeukia mimi mlangoni.

"Hawa wote najua wewe?"

"Hapana bwana. Kuanzia wa tano nawasikia leo."

Karani akacheka hadi akashika meza. Ofisa akataka kujua imekuwaje mgeni anawajua babu zangu na mimi siwajui. Mama yangu ndiye aliyejibu, kutoka nyuma yangu.

"Nilimfundisha wiki ya kwanza alipokuja. Atayakwepaje majina asiyoyajua? Huyu mwanangu hakukatazwa kuyataja, ndiyo maana hakujifunza."

Ofisa akamwangalia Feza muda mrefu. Halafu, na hili nampa haki yake, akasema, "Pole, mama." Akagonga muhuri.

Nikatoka mbio kumwambia baba. Alikuwa bado ameupa ukuta mgongo. Nilipozunguka mbele nikakuta machozi yanamtiririka mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba. Akaniambia hajawahi kusikia baba zake wakiitwa wote kwa pamoja, na kwamba sasa ninajua nimeoa nini.

Nilirudi Uganda nikamaliza, na winchi nikaiendesha Geita miaka mingi. Yule mtamba alizaa sana, akawa wa Feza mwenyewe.

Sasa nirudi kwa kijana mwenye mke Mzambia.

Mdogo wangu, safiri. Wanaokutisha kwamba kusafiri kunafunga faili wanakuuzia hofu zao. Ila kabla hujaondoka kaa na mkeo, umuulize ni swali gani ambalo yeye, kwa malezi yake na kwa heshima yake kwenu, hawezi kulijibu mbele ya watu. Usimjazie majibu, mtafutie mtu wa kumfungua mdomo. Mimi niliziba matundu yote ya serikali, nikasahau kwamba mke wangu alikuwa ameshakuwa Msukuma kuliko mimi.

Karibuni mnipinge. Wenye wake au waume wa nje semeni yenu, na Wasukuma wenzangu mniambie kama kwenu mwiko huu bado upo au umeshakufa.

Jambo moja kabla sijaweka simu chini. Feza amekaa hapa pembeni, ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nikamsomea. Nilipofika kwenye yale majina alinishika mkono. Kibali cha serikali alikitumia hadi uhuru, lakini ruhusa ya mzee aliitumia asubuhi ile moja tu, basi.

Kwa hiyo wakuu, hayo majina mliyoyasoma hapo juu si yenyewe. Yenyewe amenikataza.