Namba Kumi na Saba

Chepngetich hakuwahi kushika fimbo ya hoki maishani mwake, lakini kulikuwa na kocha mmoja kule Bowie, Marekani, ambaye hakupanga timu kabla ya kujua Chepngetich ameona nini. Ajabu hiyo ilitokana na kazi yake ya kutunza wazee. Kwa miaka mitatu alimtunza Bwana Walter wa Laurel, mzee aliyetafuta vipaji vya hoki ya barafuni maisha yake yote hadi macho yake yakapofuka. Mzee alikataa katakata kustaafu. Basi Chepngetich akawa anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka uwanjani, wanakaa nyuma ya kioo, yeye anasimulia, mzee anapanga wachezaji, wa kwanza hadi wa mwisho. Orodha ya kupelekewa kocha aliiandika Chepngetich kwa mkono wake.

Na kusimulia alijua, asikudanganye mtu. Alikulia Kapsabet akikimbia mbio za shule, na mkimbiaji hutazama miguu. Wengine walimtazama mwenye kile kisahani cheusi kinachogombewa. Yeye alimtazama aliyenyang'anywa, aone kama anageuka upesi au anabaki kusikitika.

"Namba nne kanyang'anywa, kainama kama aliyeangusha funguo," alisema siku moja, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi moja kulikuwa na wasichana watano, washambuliaji watupu, wenye miaka kumi na minne, na nafasi mbili za kwenda mashindanoni Kanada. Namba kumi na saba alikuwa Audrey, binti yake Chepngetich. Mzee alijua, akasema anayaamini macho ya Chepngetich.

Wale wengine wanne aliwaeleza vizuri, hatua kwa hatua. Kisha Audrey akapita kwa kasi, akanyang'anywa, akageuka papo hapo, akamfukuza mwenzake nusu ya uwanja na kukirudisha kisahani. Mama mtu akakunja mikono.

"Kumi na saba je?" mzee akauliza.

"Anajitahidi."

"Basi?"

"Basi."

Mzee akamwambia aandike: kumi na saba, wa tano. Akaandika.

Walimrudisha mzee nyumbani, Audrey akiwa kiti cha nyuma. Walipobaki wawili, mtoto akauliza amekuwa wa ngapi. Chepngetich akamwambia. Hata barabara kuu hawajaifikia.

"Kwani hukunitazama?" Audrey aliuliza kwa Kiingereza chake.

"Nilikutazama. Ile ya kunyang'anywa, uligeuka kabla hata yule hajajua amepata. Hakuna mwingine aligeuka hivyo leo. Hata mmoja."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Audrey, si unajua kwetu mama hawezi sifu mtoto wake mbele ya watu. Ni aibu. Hiyo ni kazi ya anti."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku Chepngetich aliposhinda mbio, mama yake alitazama chini, na shangazi akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Audrey akatazama nje dirishani. "Anti yuko Kapsabet," alisema. "Hapa nani angesema?"

Roho ilimuuma Chepngetich kweli kweli. Akaingia kwenye maegesho ya duka la dawa, akageuza gari.

Bwana Walter alifungua mlango akiwa kwenye kiti chake, bado na koti.

"Sikukueleza kumi na saba," Chepngetich akasema.

"Nilisikia vyuma vya viatu vya mtu vikirudi mbio barafuni," mzee akajibu. "Nikangoja uniambie ni nani."

Akamwambia. Alisimama pale mlangoni akamsifu mwanawe mbele ya mtu, kwa mara ya kwanza, uso ukimwaka moto, na Audrey kando yake akisikia kila neno. Alipomaliza, mzee akamwambia afute wa tano, amweke wa pili. Chepngetich akatoa karatasi mkobani, akaandika: kumi na saba, wa pili. Kisha akabaki na aibu yake mkononi pamoja na kalamu, akaona kumbe inabebeka.