Pole Ambayo Mama Mdogo Hakuiandika

Mama mdogo aliporudi kuishi kwa bibi, hapa Kyimo, wanawake wa kanisani walimuuliza bibi binti yake anafanya kazi gani siku hizi. Bibi akajibu, "Anasoma simu za watu." Wakamtazama kana kwamba amesema binti yake ameanza kuiba kuku.

"Kwani wenyewe hawajui kusoma?" mmoja akauliza.

"Muulizeni mwenyewe. Mimi nilimpeleka shule, sikumfuata huko."

Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo, nakaa kwa bibi kwa sababu shule iko karibu. Mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akiniita nisimame, jasho linanitoka hata mwezi wa sita, wakati wenzangu wanatetemeka kwa baridi. Kwa hiyo nyumbani nasikiliza zaidi kuliko ninavyoongea, halafu naandika. Haya niliyaandika vipande vipande, sasa nayaunganisha.

Kazi ya mama mdogo, kama alivyonieleza tukimenya ndizi, ilikuwa kutafiti jinsi wafanyakazi wanavyoongea kwenye yale magrupu ya simu ambayo bosi hayumo. Alikuwa mhadhiri msaidizi kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kusema. Aliowafundisha walishampita. Benki moja aliyoomba kufanyia utafiti ilimkatalia kabisa. Hospitali moja ilimwambia asubiri, akasubiri mpaka fedha ya utafiti ikakata. Mwisho chuo kikamwambia wazi: mwaka wa masomo ukiisha hujaleta tasnifu yako ya udaktari, mkataba hatuongezi. Ndipo akakumbuka kwao. Kiwanda cha chai kipo, na mama mmoja aliyewahi kuimba naye kwaya anafanya kazi humo, kwenye kuchekecha chai, na ndiye admini wa grupu la wafanyakazi.

Mama wa kwaya aliwakusanya wenzake baada ya ibada. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na mwavuli wa bibi. Mama mdogo akawaeleza: atasoma tu, hataandika neno, maana mtafiti akianza kuchangia anakuwa amewabadilisha watu aliokuja kuwatazama. Majina yao hayatatokea. Na siku wakiona hafai, wamtoe, na maneno yao atayafuta.

Mzee wa boila, ule mtambo wa mvuke wa kiwandani, aliyekuwa na kikohozi na mdomo mrefu, akainua mkono. "Yaani, mwalimu, unakaa mezani kwetu, huli, unahesabu matonge tu?"

Kanisa zima likacheka.

"Ndiyo, baba. Nahesabu matonge."

"Basi yangu usiyahesabu. Mke wangu anadhani nakula kidogo."

Wakakubali wote. Wakamwingiza.

Miezi ile ilikuwa mizuri, nitasema ukweli. Mama mdogo alikuwa anakaa mezani na kompyuta yake, ukungu umejaa mpaka kwenye migomba ya uani, anacheka peke yake. Kwenye grupu walikuwa wanatuma picha za lori lililozama kwenye tope, wanaiga sauti ya meneja, wanakumbushana nani ana zamu, nani ana mtoto mgonjwa. Wazee walikuwa wanatuma sauti za Kinyakyusa, mama mdogo anamwita bibi akisahau neno la zamani. Kuna siku aliniambia, "Unajua nimegundua nini? Hili si grupu la habari. Hapa ndipo wanapokutana. Mashine haziwaachi wakae pamoja, basi wanakaa humu." Akaliandika hilo, likawa sura nzima ya tasnifu. Alisema ndilo litakalombeba.

Halafu mzee wa boila akaanguka kazini. Walimkimbiza hospitali, Tukuyu, na alasiri hiyo hiyo mama wa kwaya akaandika kwenye grupu kwamba mwenzetu ametutoka.

Nilikuwa nimerudi kutoka shule, nipo pale pale. Simu ya mama mdogo ilikuwa inalia mfululizo. Pole. Poleni wafiwa. Bwana ametoa. Picha ya grupu ikabadilishwa, ikawekwa sura yake, amevaa kofia ya kazini. Mama mdogo alikuwa anasoma huku machozi yanamtoka, vidole vimekunjwa mapajani.

Bibi akamsogelea. "Umeshaandika pole?"

"Siwezi, mama."

"Mkono unauma?"

"Niliahidi sitaandika. Ndio utafiti wenyewe."

"Uliahidi hata mtu akifa?"

Mama mdogo akatoka nje kumpigia profesa anayemsimamia. Nilimsikia kupitia dirisha akisema ndiyo, ndiyo, naelewa. Aliporudi akasema profesa amemwambia avumilie, maana grupu likiwa kwenye msiba ndipo mtafiti anaona kitu ambacho hakionekani siku nyingine, na akiandika yeye, picha hiyo yote imeharibika.

Bibi akajifunga khanga kiunoni. "Basi simu iache. Simu si msiba. Kesho tutakwenda na miguu yetu."

Mama mdogo akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hata mimi niliona bibi ametatua.

Tulikwenda na mkungu wa ndizi na sukari, mvua inatunyeshea tangu barabarani mpaka nyumbani kwa marehemu. Wanaume walikuwa makaburini. Ndani, majani ya migomba yalikuwa yametandikwa na wanawake wamekaa, na mama wa kwaya alikuwa amekaa karibu na mjane, anamsomea salamu kutoka kwenye simu. Anataja jina la mtu, anasoma alichoandika, mjane anaitikia, "Ndaga," yaani asante. Anataja mwingine. Ndaga. Walikuwa ni wale walio zamu, wa kwenye mashine, ambao hawakupewa ruhusa. Boila haiachwi hata kama aliyekuwa anaitunza ndiye anayezikwa.

Alipomaliza, mjane akauliza, "Na yule mwalimu? Marehemu alimpenda sana yule. Alikuwa anamsimulia hapa."

Mama wa kwaya alishatuona mlangoni. Akasema, "Yule hajaandika kitu."

"Labda hajaona."

"Ameona. Tiki ni za bluu. Wote tumesoma, wote tumejibu."

Mama mdogo akapiga magoti. "Dada, nimekuja mwenyewe. Nipo hapa."

"Nakuona, mdogo wangu. Karibu, kaa." Sauti haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililonitisha. "Ila wenzetu walio kiwandani hawana miguu ya kuja. Wamelilia humu. Na wewe ulikuwa humu humu, umekaa, unawatazama wanavyolia."

Tulikaa, tukalia pamoja nao, tukasaidia kuosha vyombo. Wanawake walikuwa wananipa sahani mimi. Mama mdogo hakupewa hata moja.

Njiani alisema neno moja tu, na hakuwa ananiambia mimi: "Niliandika mwenyewe kwamba humo ndipo wanapokaa. Nimeandika, wala sikuamini."

Tulipofika akaandika pole, ndefu, yenye kuomba radhi. Hakuna aliyejibu. Kesho yake mama wa kwaya akauliza kwenye grupu kama kuna anayetaka mwalimu abaki. Kimya. Akamtoa, kisha akampigia simu kistaarabu kabisa: "Hatuna hasira. Ila maneno yetu yafute, kama ulivyotuambia."

Profesa alisema tofauti. Alisema yaliyokwisha kukusanywa ni ya utafiti, majina hayapo, andika umalize, muda hakuna. Na bibi, yule yule aliyemuuliza kama mkono unauma, naye akageuka.

"Andika, mwanangu. Umesoma mpaka nywele zimeanza mvi. Wao ndio watakaokulisha?"

"Niliwaahidi, mama."

"Hata kunyamaza uliahidi. Uliona ahadi ilikokufikisha."

Siku kadhaa mama mdogo hakuifungua kompyuta. Alikuwa anapika, anafagia, anarudia kufagia. Jumamosi akaniambia nivae viatu, nimsindikize kwa mama wa kwaya.

Tulimkuta jikoni anamenya ndizi. Mama mdogo akaweka kompyuta juu ya kigoda, akamwonyesha mafaili, akaanza kufuta, moja baada ya jingine, huku anamweleza hili ni la mwezi gani. Mwisho akafuta na ile sura aliyosema itambeba.

Mama wa kwaya alikuwa anaangalia kioo, kisu mkononi. "Mimi nitajuaje kama yamekwisha kweli?"

"Hutajua, dada. Labda uniamini."

Nilitamani aseme neno lolote, hata baya. Akasema, "Haya," akaendelea kumenya.

Mkataba haukuongezwa. Mama mdogo alikwenda chuoni kufungasha vitabu vyake, akarudi navyo kwenye maboksi ya sabuni, viko chini ya kitanda changu. Profesa hapokei simu zake. Bibi hajamlaumu tena, ila kanisani akiulizwa binti yake anafanya nini, anasema yeye mwenyewe ana homa, anaondoka kabla ya tangazo la mwisho.

Asubuhi mama mdogo anachuma chai kwenye kipande cha bibi. Anachuma taratibu, anakagua kila jani kama lina makosa, hata mimi namshinda. Siku ya kupima chai tunabeba vikapu hadi kituoni, na wakati mwingine wanawake wa kiwandani wanapita wakitoka zamu.

"Ugonile, mwalimu," wanamsalimia.

"Ugonile," anaitikia.

Wanapita. Yeye anakaa kwenye foleni ya mzani, macho chini, mpaka wamekata kona.