Sura ya Kumi na Nne Iliyobaki Msimbati

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sweta. Nilikuwa nimetoka Tukuyu, kwetu ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, na hakuna aliyenionya kwamba Mtwara mtu anaweza kulowa jasho saa mbili asubuhi akiwa amekaa kitini. Mkuu wa Shule, mwanamume mfupi wa Newala aliyependa kuongea huku amefumba macho, aliyafumbua kunitazama.

"Mwalimu Atupele, hilo vazi la kuazima au la kwako?"

Nikasema ni langu.

"Basi litundike hapo ofisini. Tutalitumia siku ya baridi."

Sweta lilitundikwa. Siku ya baridi haikufika, panya wakalimaliza.

Nilifundisha Kiingereza na fasihi yake mpaka nilipostaafu, na nyinyi mnaoanza kazi leo mkinisikiliza mnaweza kudhani natunga. Siku hizi mwalimu anamtumia mwanafunzi kitabu kizima kwenye simu kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na vitabu teule, yaani vile vilivyochaguliwa kwa ajili ya mtihani, na mwaka wangu wa nne pale shuleni tulipata nakala nane za riwaya moja kwa wanafunzi sitini na sita wa kidato cha tatu. Azimio la kazi, ule mpango wa masomo wa muhula mzima, lilinitaka nimalize sura ishirini na mbili. Nakala nane! Dawati moja linasoma, madawati mawili yanachungulia, waliobaki wanasinzia.

Nikafanya jambo ambalo chuoni hawakunifundisha. Nilichukua nakala tatu, nikazikata kwa wembe sura kwa sura, kila sura nikaishona kwa uzi ule mnene wa magunia ya korosho na kuivika jalada la katoni. Tatu mara ishirini na mbili ni sitini na sita. Kila mwanafunzi akaondoka na kijitabu chake, akikimaliza anabadilishana na mwenzake, na nakala tano nzima zikabaki za kusomea darasani kwa sauti.

Jamani, walisoma. Riwaya yenyewe ilikuwa ya nchi ya baridi, ya mama mmoja anayepangisha vyumba huku akimngoja mumewe aliyekwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mbali. Theluji iliwashinda kuelewa, nikanunua barafu sokoni kwa wauza samaki, nikaiparua kwa kijiko juu ya meza. Darasa lilinuka samaki changu mpaka Ijumaa, lakini theluji waliielewa. Ilipofika sura ya kumi na nne, shemeji mtu anapokea barua kutoka machimboni, anaisoma peke yake, halafu anaificha nyuma ya saa ya ukutani. Mwandishi hasemi barua ina nini mpaka sura ya mwisho. Mvulana mmoja wa Magomeni, mtaa wa hapo Mtwara, alisimama akasema kwa Kiingereza chake cha kukwama kwamba yule shemeji anastahili kuchapwa, na darasa zima likapiga meza.

Mkuu wa Shule alikuja kuyajua siku ya Alhamisi. Aliniita, akafumba macho.

"Mwalimu, nimeambiwa umechinja vitabu vya serikali."

"Nimevigawa, Mkuu."

"Mbuzi naye hugawiwa, lakini kwanza anachinjwa. Jumatatu wanakuja wakaguzi. Nataka nakala nane, nzima, mezani. Ikipungua hata sura moja, utaandika barua ya kujieleza, na kidato cha tatu nitampa mwalimu mwingine."

Barua ya kujieleza ningeiandika. Kunyang'anywa lile darasa ndiko kulikonikosesha usingizi. Ijumaa nilikusanya vijitabu nikahesabu, vikawa sitini na vitano. Kilichokosekana kilikuwa cha Zuhura Bakari, binti mpole aliyeishi kwa mjomba wake Magomeni na kurudi kwa bibi yake Msimbati kila mwisho wa juma.

"Madam, sura ya kumi na nne iko kwa bibi," akasema, macho chini. "Ameifungia sandukuni."

"Ameifungia kwa nini?"

"Huwa namsomea kwa Kimakonde. Sasa amesema haitoi mpaka aambiwe ile barua ina nini. Mimi sijafika huko, Madam."

Jumamosi nikakodi pikipiki. Kwenye mchanga wa kuingia Msimbati tulianguka mara mbili, na kijana mwenye pikipiki akaniambia nikichelewa kurudi ataniacha, ana abiria mwingine. Nilimkuta Bibi Somoe barazani anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo watu wa huku wakiikosa wanaona mwaka haujakamilika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe ndiye mwalimu wa barua?"

Nikamweleza shida yangu: wakaguzi, Mkuu, darasa. Alinisikiliza vizuri kabisa, akanipa mng'oko wa moto, akasema, "Nimekuelewa. Sasa barua ina nini?"

Majirani wawili walikuwa wameshasogea. Zuhura alikuwa mlangoni. Bibi akafuta mikono kwenye kanga.

"Mimi wangu alivuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zake upande wa Msumbiji. Mama yake Zuhura nilikuwa nimembeba mgongoni. Alisema siku kumi. Mpaka leo sijaletewa neno, la uzima wala la msiba. Watu wakaniambia niolewe. Nitaolewaje, na mimi ni mke wa mtu? Kwa hiyo huyu mama wa kitabuni namjua. Niambie."

Mimi nilijua. Barua ilikuwa ya msimamizi wa machimbo. Ilisema mume amekufa, amezikwa huko huko, na ilikuwa imefichwa miaka kumi na miwili.

"Ni barua ya mumewe, bibi," nikasema. "Anasema anarudi. Na kweli akarudi, mkewe akampokea kwa kicheko, wakaishi."

Nikisema nilidanganya kwa huruma nitakuwa nadanganya mara ya pili. Huruma ilikuwepo, lakini nje pikipiki ilikuwa inapigwa honi. Bibi Somoe alinitazama kitambo, akaingia ndani, akatoka na kijitabu kimefungwa kwenye kitambaa safi. Nilishukuru, nikaondoka karibu mbio.

Jumapili nilishona usiku na mchana mpaka vidole vikavimba. Jumatatu mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alifungua nakala zangu tatu zenye uzi wa magunia, akamwita mwanafunzi mmoja, akamuuliza maswali matatu, kisha akamwita mwingine. Mwishowe akamwambia Mkuu, "Hivi vitabu vimechakaa kwa kusomwa. Siandiki kosa." Mkuu alifumba macho akatabasamu kana kwamba wembe ulikuwa wake. Darasa likabaki langu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wiki tatu baadaye tulifika sura ya mwisho, na baada ya kipindi Zuhura alibaki kwenye dawati lake.

"Madam, hapa amekufa."

"Ndiyo."

"Bibi nimwambie nini?"

Nilikuwa nimewafundisha wale watoto kwamba msomaji haruki ukurasa kwa sababu unauma. Nilimwambia asimwambie kitu, nitakwenda mwenyewe. Safari hii nilimwambia kijana wa pikipiki asinisubiri.

Bibi Somoe alinikaribisha mkekani. Nikasema maneno yote kwa mkupuo ili nisirudi nyuma: bibi, nilikudanganya, barua ilikuwa ya msiba.

"Nilijua," akasema. "Ulisema mke alimpokea kwa kicheko. Aliyengoja miaka yote ile hacheki siku ya kwanza, mwanangu. Siku ya kwanza anauliza. Nikajua huyu mwalimu ana haraka, nikakupa kitu chako uende."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nilianza kuomba radhi, akanikata.

"Radhi utapata. Sasa soma. Polepole, na usiruke."

Nikasoma sentensi moja moja kwa Kiingereza, nikiitafsiri kwa Kiswahili, na Zuhura akiipeleka kwa Kimakonde. Yule mama wa kitabuni anaipata barua siku saa ya ukutani inapoanguka. Anaisoma amesimama. Halafu anakwenda kufungua madirisha yote ya nyumba, katika baridi ile, na kumwekea mumewe sahani mezani kwa mara ya mwisho. Zuhura alishindwa kuendelea hapo. Bibi hakulia. Aliuliza kama waliomzika walimjua jina, nikamwambia walimjua, barua ililitaja. Ilipoadhiniwa alasiri, akainuka.

"Kesho mwite shehe," akamwambia Zuhura.

Baadaye nilihamishwa, nikapelekwa Masasi kuwa mkuu wa idara, yaani mwalimu anayepanga nani afundishe nini halafu analaumiwa na wote, kisha Newala kuwa mtaaluma, anayesimamia masomo na mitihani ya shule nzima. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi, wengine wakali, wengine wazuri mno hata shule zikawashinda. Nikastaafu nikarudi kuishi Mtwara, maana Tukuyu sasa naona baridi. Siku ya kuniaga walinipa cheti, na Afisa Elimu alitaja wanafunzi wangu waliokuja kuwa wanasheria na madaktari. Nawapenda wote. Vijana wa kazi wakiniuliza siri ya kufundisha riwaya nawaambia mimi sina siri, nina aibu moja tu iliyonisaidia: usimpunguzie msomaji kitabu kwa kuwa unamhurumia. Hujui anakisoma kwa ajili ya nini.

Nililijua hilo Msimbati, siku ya hitima. Nilikwenda na mtandio wangu wa kanisani, nikakaa na wanawake uani tukichambua mchele, huku wanaume wakisoma Kurani barazani kwa ajili ya mtu aliyevuka mto zamani na hajazikwa na yeyote wanayemfahamu. Wifi mmoja wa Bibi Somoe, mama aliyetoka Kitaya, alikuwa hajaelewa. Akauliza kwa sauti, taarifa hii ya msiba baada ya miaka yote hii imeletwa na nani?

Bibi Somoe alikuwa amekaa ukutani amejifunika kanga nyeusi. Akanyoosha mkono akanionyesha.

"Mwalimu huyu," akasema. "Ndiye kanisomea barua."