Nililiruka Neno Moja Kwenye Barua ya Chuo

Admin, nifiche vizuri, hata jina la shule usiliguse, maana Kitengela tunajuana hadi kwa viatu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa. Nyumbani ni Kajiado, ndani ndani, lakini naishi na shangazi hapa Noonkopir tangu nipate nafasi katika shule moja ya kibinafsi inayofuata mtaala wa Uingereza. Naandika nikiwa nimejifungia chooni kwa sababu ndipo mahali pekee ninapoweza kulia bila kuulizwa maswali.

Shule yenyewe, A ni kama salamu. Ukipata B wenzako wanakuuliza, "Kwani ulikuwa mgonjwa?" Kila mtu anataka chuo kikubwa ng'ambo. Shule yangu ya zamani nilikuwa nambari moja kila muhula. Hapa nilisoma mpaka macho yakavimba na bado kulikuwa na watu mbele yangu. Sisemi ili nihurumiwe, nasema mjue nilijaribu.

Mwezi wa nne barua ilitoka chuo nilichokuwa nakiota, ya kusomea udaktari. Mwalimu alinichapishia nikaipeleka nyumbani likizo. Nilimkuta baba ameketi na kaka yake mkubwa, ambaye analima vitunguu kule Illasit na hajawahi kuficha msimamo wake: kusomesha msichana ni kumwagilia shamba la jirani. Niliinamisha kichwa wakanigusa utosini, ndiyo salamu ya desturi yetu, kisha baba akasema, "Soma hiyo barua, ndugu yangu pia asikie."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, nami nikawa natafsiri kwa Kimaasai sentensi moja moja. Ilisema wananipa nafasi ikiwa nitapata A katika masomo yote matatu. Nilipofika hapo nikamwona baba mkubwa anatabasamu, lile tabasamu lake la kungojea nianguke. Nikalimeza hilo "ikiwa". Nikasema, "Wamenipa nafasi," nikaikunja barua. Niliwaza, si hizo A nitazipata tu? Baba aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na nikajua analia. Sijawahi kumwona baba akilia.

Baba mkubwa naye akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Sawa. Huyu akienda kweli, yule mdogo sitamzuia tena. Asome. Lakini akibaki hapa, tusidanganyane."

Yule mdogo ni dada yangu wa miaka kumi na tano. Yuko Gredi ya Tisa, na kuna boma limeshaanza kumuulizia aolewe. Baba hana ubavu wa kumpinga kaka yake, kwa sababu ndiye aliyemlea.

Basi sherehe ikafanywa. Ng'ombe akachinjwa, wazee wakanibariki wakininyunyizia maziwa kwa majani, watu wakiitikia "Nai! Nai!", ndiyo amina ya kwetu, kila neno. Jumapili yake nikaitwa mbele kanisani. Kwetu baraka ya wazee si maneno ya kumfurahisha mtu, na mimi niliipokea na uongo mdomoni. Maziwa yalikuwa yananitiririka usoni na nilitamani ardhi ipasuke.

Matokeo yametoka mwezi huu wa nane. Biolojia A, Hisabati A, Kemia B. Chuo kiliniandikia mistari mitatu, wa mwisho ukinitakia kila la heri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa miezi minne tu.

Mwalimu ananiambia nirudie Kemia mwezi wa kumi niombe tena mwaka ujao, au nitafute chuo cha hapa nchini, eti matokeo yangu ni mazuri sana. Najua ni mazuri! Kama ningeisoma ile barua yote, baba angenichinjia mbuzi kwa hiyo hiyo B. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kukosa chuo. Nimejichukia mpaka chakula hakipiti.

Shangazi ndiye pekee anayejua. Yeye anasema, "Wewe nyamaza. Tuseme visa imechelewa, urudie hiyo Kemia, nani atajua? Hao wako na habari gani na mambo ya visa?" Lakini baba mkubwa si mjinga. Kila wiki anampigia baba kuuliza ninaenda lini. Na najua wengine mtaniambia kuna sheria ya watoto. Iko, lakini nani wa kwetu atakayekwenda kumshtaki mzee aliyewalea?

Jana mdogo wangu alinipigia kwa simu ya baba, akiongea kwa sauti ya chini. "Dada, unaenda lini? Mwalimu anataka fomu za kuchagua senior school. Baba mkubwa amesema yangu isijazwe mpaka tarehe yako ijulikane. Darasa lote nimebaki mimi tu."

Nikamjibu, "Hivi karibuni." Ndiyo, hata yeye nilimdanganya. Akashukuru, akakata simu.

Fomu zinarudishwa Ijumaa ijayo, na Jumapili baba anakuja hapa kuniona. Nikimpa tarehe ya uongo, fomu ya mdogo wangu itajazwa, na siku watakapogundua sijui watatufanya nini sisi wawili. Nikimwambia ukweli, huenda akasimama nami, huenda akamwachia kaka yake aamue. Ndugu zangu, na nyinyi wazazi mlio kwenye page hii, mnitukane baadaye, nimestahili. Kwanza niambieni: baba akikaa pale kwenye kiti Jumapili aniulize, "Mama, safari ni lini?" nimjibu nini?